Ugomvi Wetu Si wa Linux na Windows

Najua nimepotea. Test za katikati ya muhula zilinikaba koo, na bumu nalo lilichelewa mpaka watu tukaanza kuyaheshimu maharage. Lakini leo sikuja kulia njaa. Leo nimekuja kugombana, tena na watu ninaowapenda, washkaji wangu wa kikundi chetu cha kompyuta. Nusu yenu mnasoma hapa. Naomba msome mpaka mwisho, ndiyo mnijie juu.

Kwa msiotujua: sisi ni wanafunzi ishirini na kitu, hatulipwi hata nauli, na Jumamosi tunapanda daladala mbili kwenda sekondari moja nje ya mji kutengeneza kompyuta zilizochoka ambazo shule ilipewa msaada. Zipo kumi na nne. Mwalimu wa kompyuta ni mmoja, na huyo huyo anafundisha hesabu. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanakaa watatu watatu kwenye mashine moja, na kwa wengi wao hiyo ndiyo kompyuta pekee wanayoigusa wiki nzima.

Sasa kisa chenyewe. Mashine zilikuja na Windows 10. Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 marekebisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zetu ni za zamani, hazifiki masharti ya Windows 11. Kwa hiyo likaja swali la haki kabisa: tuweke Linux, au tubaki na Windows hivyo hivyo, au tulazimishe Windows mpya kwa njia za kuchakachua? Swali zuri! Watu wazima wangekaa wakalijibu. Sisi tulifanyaje? Tulibishana wiki tatu kwenye grupu la WhatsApp kama Simba na Yanga, halafu Alhamisi moja saa sita usiku admini mmoja akarusha kura. Saa moja asubuhi kura imefungwa. Wamepiga watu kumi na moja, saba kwa wanne. Katika hao kumi na moja, waliokanyaga ile shule ndani ya miezi miwili iliyopita ni watatu. Wengine walikuwa wanapigia kura mashine ambazo hawajawahi kuziona!

Jumamosi walioshindwa wakawahi daladala ya kwanza, wakaweka ya kwao kwenye mashine sita. Walioshinda wakafika saa nne, wakaweka ya kwao kwenye nane zilizobaki. Leo maabara ina kambi mbili. Printa inafanya kazi upande mmoja tu. Mwalimu akipiga simu kuomba msaada anaambiwa, "Hizo siyo zetu mwalimu, waulize wale." Na madogo wawili wa mwaka wa kwanza, ambao ndio walikuwa hawakosi Jumamosi hata moja, wametoka kwenye grupu kimya kimya. Hawakusema neno. Waliondoka tu.

Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Nyasi zetu zina sare za shule na mtihani wa taifa mbele yao.

Sasa nasema hivi, na mnaopinga mje na hoja: ugomvi huu hauhusu Linux wala Windows. Zote mbili zinaandika barua, zote mbili zinafungua jedwali la hesabu. Ugomvi wetu unahusu swali ambalo hatujawahi kuliuliza tangu kikundi kianze: nani anaamua, kwa utaratibu gani, na akishaamua nani anabeba mzigo? Kikundi kisichojibu hilo kitagombana kuhusu kila kitu. Leo mfumo endeshi, kesho rangi ya fulana.

Nimesikia dawa nne zikitajwa kantini wiki hii. Zote nne naziona zina kasoro, na naomba tuzipitie moja moja.

Dawa ya kwanza inasema: "Mwenye kufanya kazi ndiye achague chombo." Inavutia kwa sababu ina ukweli ndani yake. Asiyeshika bisibisi asimpangie mwenye bisibisi. Lakini tuangalie mahali ilipojaribiwa na watu wenye akili kutuzidi.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, Ufini, akiwa na miaka 21. Umri wenu. Kazi ikakua, watu wakamtumia marekebisho kwa barua pepe mpaka yakamfunika. Mwaka 2002 akaanza kutumia programu ya kutunza mabadiliko ya msimbo iitwayo BitKeeper. Ilikuwa mali ya kampuni. Watu wa Linux waliruhusiwa kuitumia bure, lakini kwa masharti, mojawapo likiwa anayeitumia bure asitengeneze chombo cha kushindana nayo. Wengine wakapinga, Richard Stallman akiwemo: mnajengaje programu huria juu ya chombo kisicho huru? Torvalds jibu lake lilikuwa la fundi: hiki ndicho kinachofanya kazi vizuri, mimi ndiye ninayekitumia.

Na kweli kilifanya kazi. Miaka mitatu mambo yalikwenda kasi. Halafu Andrew Tridgell, fundi wa Australia ambaye hakuwa ametumia BitKeeper wala kukubali leseni yake, akaanza kuandika programu ndogo ya kuongea na seva za BitKeeper. Mwenye mali akakasirika, na Aprili 2005 ruhusa ya bure ikafutwa. Maelfu ya faili na kazi ya watu wa dunia nzima, chombo hakuna.

Mnajua kilichofuata, maana mnakitumia kila siku. Torvalds alianza kuandika Git tarehe 3 Aprili 2005, na ndani ya siku chache Git ilikuwa inatunza msimbo wake yenyewe. Juni mwaka huo toleo la Linux 2.6.12 likatoka likiwa limetunzwa na Git. Julai akaikabidhi kwa Junio Hamano. Hadithi tamu. Na kila anayenisimulia ananisimulia ili kunionyesha kwamba fundi mwenye uwezo aachwe aamue.

Mimi naisoma tofauti. Waliopinga mwaka 2002 waliuliza swali moja ambalo halikuhitaji ushabiki: mwenye mali akibadili mawazo tutafanyaje? Swali hilo lilibaki pale pale mpaka lilipojijibu lenyewe. Linux iliokoka kwa sababu aliyeamua ndiye aliyeacha kazi nyingine zote akakaa chini kuandika chombo kipya kwa mikono yake. Alibeba mzigo wa uamuzi wake. Sasa niambieni, katika wale saba waliopiga kura usiku, nani atabeba? Mashine ikigoma Jumatano asubuhi wanafunzi wamekaa, nani atapanda daladala mbili? Kama jibu ni "mwalimu atajua mwenyewe", basi ile siyo kanuni ya mwenye kufanya kazi achague. Ni mwenye kelele achague, mwenye kazi ateseke.

Dawa ya pili: "Tupige kura yaishe." Hii ndiyo iliyotufikisha hapa. Sipingi kura. Napinga kura iliyowekwa mahali pa kufikiri.

Debian mnaifahamu, Ubuntu imejengwa juu yake. Ilianzishwa Agosti 1993 na Ian Murdock, naye mwanafunzi wa chuo, Purdue, Marekani. Ni watu wa kujitolea kama sisi, ila wao wana katiba tangu mwaka 1998. Oktoba 2013 swali zito lilipelekwa kwenye Kamati yao ya Ufundi: programu ya kwanza kabisa inayoamka kompyuta inapowashwa, ile inayoziamsha nyingine zote, iwe ipi? Kulikuwa na systemd, kulikuwa na upstart, na kulikuwa na ile ya zamani. Wajumbe wanane wakajadili miezi, kwa maandishi, mbele ya kila mtu. Februari 2014 wakapiga kura. Nne kwa nne! Mwenyekiti, Bdale Garbee, akatumia kura ya uamuzi ambayo katiba ilimpa tangu zamani, na systemd ikapita.

Je, watu walifurahi? Hapana. Novemba 2014 wanachama wote walipiga kura ya jumla juu ya jambo linalohusiana, na chaguo lililoshinda lilisema azimio jipya halihitajiki. Wajumbe watatu wa kamati walijiuzulu mwezi huo. Wengine wakaenda kuanzisha Devuan, ambayo ni Debian bila systemd, na toleo lake la 1.0 likatoka mwaka 2017. Iliuma. Lakini Debian 8 ilitoka Aprili 2015, na Debian 13 imetoka Agosti 2025. Nyumba haikuanguka.

Kwa nini haikuanguka kwa kura ya nne kwa nne, wakati sisi tumeanguka kwa saba kwa wanne? Kwa sababu kila mmoja alijua kabla ya kura nani anaruhusiwa kupiga, muda wa kujadili ni upi, na sare ikitokea inakuwaje. Muda wao unahesabiwa kwa wiki, siyo kwa masaa ya usiku watu wamelala. Karatasi yao ya kura haina "ndiyo" na "hapana" peke yake, mpiga kura anapanga machaguo kuanzia analolipenda zaidi, na wakati ule kulikuwa na chaguo la kusema bado tujadili. Aliyeshindwa alishindwa kwa sheria aliyoikubali siku ambayo hakujua kama itamuumiza. Hapo ndipo msemo wetu wa mpirani, asiyekubali kushindwa si mshindani, una maana. Bila sheria iliyotangulia, aliyeshindwa anajiona ameibiwa. Na mtu aliyeibiwa huwahi daladala ya kwanza.

Nikisema hivyo simtetei aliyeweka mashine sita kinyume na wenzake. Kufanya vile ni kuwatumia watoto wa watu kama ngao ya hoja zako. Kama uliona kura ni batili, ungesema kura ni batili, ukaandika kwa nini, ukaitisha kikao. Ukienda na flashi mfukoni alfajiri, umeamua kwamba na wewe ni admini wa saa sita usiku, tofauti ni saa tu.

Dawa ya tatu: "Wazee wa kikundi waamue, wao ndio walioanzisha." Hii inasemwa na wazee wenyewe, kaka zetu wa mwaka wa nne, shikamooni. Nawaheshimu, mlibeba mashine zile kichwani tukiwa bado Kidato cha Sita. Lakini mnamaliza Julai. Mkiamua kila kitu leo, Agosti nani ataamua?

Lugha ya Python, ambayo wengi wenu mlifundishwa muhula wa kwanza, ilitolewa kwa umma mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi. Miaka karibu thelathini neno lake lilikuwa la mwisho. Wenzake walimpa cheo cha utani cha dikteta mwema wa maisha. Julai 2018, baada ya malumbano makali juu ya alama moja ndogo ya kuandikia msimbo, nukta mbili na alama ya sawasawa, aliipitisha, halafu siku chache baadaye akajiuzulu. Kachoka. Hakumteua mrithi, akawaachia wenzake waamue wenyewe wataamuaje. Lugha inayotumiwa na mamilioni ya watu ikabaki miezi kadhaa ikitafuta kwanza njia ya kuamua. Waliandika mapendekezo saba ya utawala, wakayapigia kura Desemba 2018, wakachagua baraza la watu watano linalochaguliwa upya kila toleo kubwa jipya linapotoka. Wakaongeza sharti ambalo nalipenda: katika watano hao, wasizidi wawili kutoka kwa mwajiri mmoja.

Mnaona? Hata mzee mwema huchoka. Na kadiri anavyokuwa mwema ndivyo wengine wanavyosahau kujifunza kuamua. Debian nao, baada ya lile vumbi, Desemba 2014 walipitisha ukomo wa muda kwa wajumbe wa Kamati ya Ufundi. Kabla ya hapo mtu aliweza kukaa tu.

Dawa ya nne ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inakuja na tabasamu: "Jamani tusigombane, sisi ni familia." Funika kombe mwanaharamu apite! Katibu wetu, dada yangu ninayemheshimu, ameandika mara tatu kwenye grupu kwamba mjadala ufungwe kwa ajili ya umoja. Dada, mjadala haukufungwa. Umehamia vyumbani. Hosteli ya wavulana kuna kikundi kimoja, kule ghorofa ya pili kuna kingine, na kila upande una grupu lake dogo la siri la kusengenya upande mwingine. Umoja wa kunyamazishana ni sawa na kuipaka rangi mashine iliyoungua.

Kutokubaliana siyo ugonjwa. Mashirika yanayoandika kanuni za intaneti, kama IETF, yameishi na kutokubaliana tangu miaka ya themanini, na desturi yao ni kutohesabu kura. Wanatafuta makubaliano ya jumla. Mwaka 2014 waliandika waraka, RFC 7282, unaoeleza maana yake, na wazo lake kuu ningependa tulibandike ukutani: makubaliano hayamaanishi kila mtu amefurahi. Yanamaanisha kila pingamizi limesikilizwa na kujibiwa. Ukiwa na watu mia upande mmoja na watano upande wa pili, na hao watano wana hoja ya kiufundi ambayo haijajibiwa, bado hakuna makubaliano. Na ukiwa umewajibu kwa haki na bado hawapendi, basi kazi iendelee.

Na isiwe mtu yeyote anaweza kuzuia kila kitu kwa kununa. Kikundi cha Apache, ambacho programu yao ya seva ilibeba tovuti nyingi kuliko nyingine yoyote kwa miaka mingi, kilianza mwaka 1995 na watu wanane tu. Kwao mtu mmoja anaweza kuzuia badiliko la msimbo kwa kuandika hasi moja. Lakini hasi hiyo lazima ije na sababu ya kiufundi. Bila sababu haina nguvu. Fikirieni grupu letu lingekuwaje kama kila "sikubaliani" ingelazimika kufuatwa na "kwa sababu". Nusu ya meseji zingepotea, na nusu iliyobaki ingekuwa na faida.

Hapa najua mtu atasema: "Hayo mambo ya katiba ni ya wazungu wenye maelfu ya watu, sisi tuko ishirini, tunajuana." Apache walikuwa wanane, nimeshasema. Lakini tuache wazungu. Nenda nyumbani likizo ukamuulize mama yako kikoba chao kinaendaje. Wanawake kumi na tano wanajuana tangu usichana, wanasali pamoja, wanazikana. Na bado wana daftari. Wana mwenyekiti, wana mshika fedha, funguo za sanduku wanashika watu tofauti. Nani anapokea kwanza limeandikwa. Anayechelewa analipa faini, hata kama ni shoga yake mwenyekiti. Kwa nini, wakati wanajuana? Kwa sababu wanajuana! Wanataka waendelee kujuana baada ya pesa kupita katikati yao. Mama aliyeishia darasa la saba ana utaratibu wa kuamua, sisi wasomi wa kompyuta tunarusha kura saa sita usiku. Aibu.

Sasa napendekeza. Kulaumu ni rahisi, na mimi siyo mzuri wa kulaumu na kuondoka.

Moja, tuandike orodha ya wenye sauti. Aliyekwenda shuleni angalau mara tatu ndani ya muhula ana kura. Asiyekwenda ana maoni, tena tuyasikilize, lakini kura hana. Na mwalimu awe na sauti nzito kuliko sisi sote, maana sisi tunarudi hosteli saa kumi, yeye anabaki nazo.

Mbili, jambo lolote la kubadili chombo liandikwe ukurasa mmoja kabla ya kubishaniwa. Linatatua nini, linagharimu nini, nani atalitunza kwa muhula mzima, na likishindikana tunarudije tulikotoka. Asiyeweza kujaza "nani atalitunza" hana pendekezo, ana ndoto.

Tatu, siku saba za mapingamizi, kwa maandishi, na sababu. Mwenye pendekezo ajibu kila moja. Hoja ikijibiwa tusiirudie kwa sauti kubwa zaidi.

Nne, tukishindwa kukubaliana ndipo tupige kura, mchana, kikaoni, na sare ivunjwe na mwalimu. Matokeo yaandikwe kwenye daftari pamoja na sababu za walioshindwa. Msizichane hizo sababu. Swali la mwaka 2002 lilirudi mwaka 2005.

Tano, kila uamuzi uwe na tarehe ya kuangaliwa tena, tuseme mwisho wa muhula. Mtu akijua mlango utafunguliwa Julai hana haja ya kuuvunja Aprili. Na mpaka siku hiyo, wote tunatengeneza mashine zote. Hakuna "hizo siyo zetu".

Na mimi nasimama wapi kwenye Linux na Windows? Sijifichi. Mimi ni wa Linux. Mashine zile ni dhaifu, Linux nyepesi itazipa miaka mingine, hakuna leseni ya kuiba, na mnaosema Windows ya kuchakachua ni bure mkumbuke kisa cha BitKeeper: mnategemea mlango ambao mwenye nyumba anaweza kuufunga siku anayotaka, na safari hii hata hakuwaruhusu kuingia. Lakini upande wangu nao una swali ambalo hawajalijibu, na ni la mwalimu. Ameuliza mara mbili: wanafunzi wakijifunza kwa LibreOffice, halafu mtihani wa vitendo ukaja na Word, menyu ziko tofauti, itakuwaje? Watu wangu wa Linux walimjibu kwa kicheko. Hilo ni pingamizi lenye sababu, na halijajibiwa. Mpaka lijibiwe kwa mpango, mathalani saa moja ya mazoezi ya Word kwenye laptopu zetu wenyewe kila Jumamosi, mimi sitapigia Linux kura. Na kikao kikiamua Windows kwa utaratibu, nitakwenda na flashi ya Windows mkononi na nitaweka kwa mikono miwili.

Jumamosi hii hatuendi kubadili chochote kule shuleni. Nimeongea na katibu na mwenyekiti, kikao ni saa nane mchana, chini ya mwembe nyuma ya kantini, ajenda moja tu: tunaamuaje. Suala la Linux na Windows tusiliguse siku hiyo, nawaomba, hata mtu akichokoza. Wale madogo wawili nimewapigia simu mwenyewe. Mmoja amesema atakuja. Wa pili ameniuliza, "Kaka, kuna haja?"

Sikuwa na jibu la kumpa kwenye simu. Jibu lake mnalo nyinyi. Njooni na daftari.